Mguu wa mti na medali sita: George Eyser alifanyaje?

Swali: "Shikamoo Kocha. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi huku Muheza. Nina mwanafunzi wa darasa la sita aliyekatwa mguu wa kushoto baada ya ajali ya bodaboda. Wenzake wakianza kupinduka kwenye magodoro, hataki kukaa pembeni. Juzi mwenzangu ofisini alinionyesha kwenye simu picha ya zamani ya kundi la Wazungu, akasema huyo wa katikati alikuwa na mguu wa mti na alishinda medali sita za Olimpiki kwa siku moja. Wengine wakacheka, wakasema huo ni uzushi wa mtandaoni. Je, mtu huyo alikuwepo kweli? Na kama alikuwepo, alifanyaje? Nijuavyo mimi, jimnastiki bila miguu haiendi."

Jibu: Marahaba Mwalimu, na mpe pole kijana. Waambie waliocheka kwamba mtu huyo alikuwepo. Jina lake George Eyser, Mmarekani mzaliwa wa Ujerumani, na wenzake pichani ni wachezaji wa klabu yake, Concordia ya St. Louis. Mwishoni mwa Oktoba 1904, katika mji huohuo wa St. Louis, alijizolea kwa siku moja dhahabu tatu, fedha mbili na shaba moja. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa mti.

Hilo la kama alikuwepo limekwisha. Swali lako la pili, alifanyaje, ndilo lililonikalisha mezani na kalamu, kwa sababu alama za siku ile zimehifadhiwa, na ukizipanga vizuri zinakuonyesha mguu ule ulimgharimu wapi na wapi haukumgharimu kitu. Watu husimulia habari ya Eyser kama muujiza. Mimi nimekuwa mwamuzi wa mchezo huu miaka mingi, na kabla ya muujiza natazama karatasi ya alama.

Kwanza tuelewane kuhusu vifaa, maana shuleni kwako najua una magodoro tu. Kuna miti sambamba: fito mbili ndefu zilizolala juu ya nguzo, mchezaji anaingia katikati, anajibeba kwa mikono na kubembea. Kuna mwamba: fimbo moja ya chuma iliyowekwa juu, ananing'inia na kuizunguka. Kuna farasi wa vishikio: gogo lililovikwa ngozi, lina vishikio viwili mgongoni, na mchezaji anazungusha miguu juu yake akibadilisha mikono. Na kuna farasi wa kuruka, gogo lilelile bila vishikio, unalikimbilia, unalipiga kwa viganja, unavuka upande wa pili. Siku ile kila kifaa kilikuwa na medali zake, halafu alama za vyote vinne zikajumlishwa kupata mshindi wa jumla.

Sasa tazama. Mpinzani mkuu wa Eyser alikuwa Anton Heida wa Philadelphia, mzaliwa wa Prague, mtu mwenye miguu yake miwili na ubora usio na ubishi. Kwenye miti sambamba Eyser alipata 44, Heida 43. Kwenye farasi wa kuruka wote wawili walipata 36, wakapewa dhahabu kila mmoja. Kwenye mwamba Heida alipata 40 sawa na Edward Hennig, Eyser akapata 39 na kuchukua shaba. Kwenye farasi wa vishikio Heida alipata 42, Eyser 33. Jumla: Heida 161, Eyser 152.

Chukua kalamu, Mwalimu. Pengo kati ya dhahabu na fedha ya jumla ni alama tisa. Kwenye miti sambamba Eyser aliongoza kwa moja, kwenye mwamba akapitwa kwa moja, kwenye kuruka wakalingana. Hizo zimefutana. Alama zote tisa zilizombakisha wa pili zimetoka mahali pamoja tu, kwenye farasi wa vishikio.

Na ukiuliza ni kifaa gani kati ya vile vinne kinachodai miguu miwili iliyo sawa kuliko kingine chochote, kila kocha atakujibu: farasi wa vishikio. Watu hushangaa, kwa kuwa pale miguu haigusi chini na wala haisukumi kitu. Lakini ndiyo inayochora mchezo wenyewe. Ama unaibana ikawa kama mti mmoja na kuizungusha juu ya gogo, ama unaifungua na kuifunga kama mkasi, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kwa namna yoyote ile, uzito wa mguu wa kulia na wa kushoto unatakiwa ujibizane. Mguu wa mti hauna kifundo kinachonyooka kwa amri ya ubongo, haurudishi taarifa kwamba uko wapi, na umefungwa kwa mikanda kwenye kigutu, kwa hiyo kila mzunguko unauvuta kama unataka kung'oka. Bega linatarajia uzito fulani upite upande huu, unapita mwingine. Mkono unachelewa kidogo, na kuchelewa kidogo juu ya farasi wa vishikio ni kukatika kwa mzunguko.

Hata hivyo alimaliza wa pili! Wa tatu alikuwa William Merz, mwenzake wa klabu ileile ya Concordia, mwenye miguu kamili, akapata 29. Yaani kwenye kifaa kilichomwonea kuliko vyote, Eyser bado aliwapita wote isipokuwa mmoja. Nadhani hii ndiyo fedha iliyomgharimu jasho kuliko hata zile dhahabu.

Utaniuliza kuhusu farasi wa kuruka, na una haki. Kule kuna mbio, kuna kukanyaga ili uruke, kuna kutua. Zote hizo ni kazi ya miguu. Ila katikati ya kukanyaga na kutua kuna kitu ambacho mtazamaji wa kawaida hakioni kwa sababu kinapita haraka: mikono inalipiga gogo na kuusukuma mwili upya. Mchezaji mwenye mabega mazito anaweza kuingia na mwendo haba akatoka na mruko wa kuridhisha. Merz, wa tatu hapo pia, alipata 31 dhidi ya 36 zao. Eyser alikuwa na mabega ya namna hiyo, na ushahidi uko kwenye kamba.

Kupanda kamba kulikuwa mchezo wa Olimpiki siku hizo. Kuliendelea kuonekana mara mojamoja hadi 1932, kisha kukaachwa, na mimi nasikitika, kwani ni mchezo wa bei nafuu kuliko yote. Kamba ya St. Louis ilikuwa ya futi 25, yaani karibu mita saba na nusu. Eyser aliifika juu kwa sekunde 7.0. Charles Krause alitumia 7.2, Emil Voigt 9.8. Ni zaidi ya mita moja kila sekunde, kwenda juu! Sisi wa pwani tumezoea kumwangalia mkwezi wa mnazi, ambaye nguvu yake kubwa iko miguuni, anabana shina kwa nyayo na kujisukuma. Mpandaji wa kamba wa mashindano ni kinyume chake, anajivuta mkono kwa mkono, miguu inafuata.

Hapa pana hoja ambayo watu hunitupia nikisimulia habari hii: si alikuwa mwepesi? Mguu mzima wa binadamu ni kama sehemu moja ya sita ya uzito wake, hivyo aliyekatwa ana mzigo mdogo wa kuvuta. Sikatai kwamba mikono haiuoni mguu usiokuwepo. Lakini mguu wa mti nao una uzito, na wepesi huo hauji bure. Kwenye mwamba, kwa mfano, miguu ndiyo jiwe la bembea: unabembea kwa sababu kuna uzito chini unaokurusha juu. Ukiwa mwepesi upande mmoja, bembea yako inapinda na lazima kiuno kiinyoshe kila mara. Akakosa dhahabu pale kwa alama moja.

Ukitaka kuona mguu ulimfanya nini pale ambapo mikono haikuweza kumsaidia, rudi nyuma hadi Julai ya mwaka uleule. Olimpiki ya 1904 ilikuwa ndefu kama msimu wa ligi, ilianza tarehe 1 Julai ikaisha Novemba 23, na jimnastiki ilichezwa mara mbili. Mashindano ya Julai yalikuwa na watu 119, na kanuni yake ilikuwa ya ajabu kwa macho ya leo: alama za vifaa ziliunganishwa na alama za riadha, yaani mbio za yadi 100, kuruka chini na kutupa tufe. Kwenye sehemu ya vifaa Eyser alikuwa wa kumi. Kwenye riadha alishika nafasi ya 118, mkiani. Vikajumlishwa, akawa wa 71.

Kama historia ingeishia Julai, leo wenzako ofisini wasingekuwa na picha ya kubishania. Mtu yuleyule, mguu uleule, miezi isiyofika minne: mara ni wa 71, mara ana medali sita. Kilichobadilika ni alichoombwa kufanya. Nakuomba ulikumbuke hili unapompangia kijana wako mazoezi, na nitalirudia hapo chini.

Sasa nikueleze kidogo alikotoka, maana bila hapo huwezi kuelewa kwa nini mtu wa namna ile aliruhusiwa hata kushika kifaa. Alizaliwa Agosti 1870 karibu na Kiel, kaskazini mwa Ujerumani. Akiwa na umri wa miaka 14 hivi familia ikahamia Marekani, akaishi Denver, baadaye St. Louis, na 1894 akapata uraia. Masimulizi yanayojulikana ni kwamba mguu ulikanyagwa na treni. Kazi yake ya kumpa ugali ilikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya ujenzi. Nafurahi kila nikiikumbuka kazi hiyo, kwamba mtu tunayemjua leo kwa sababu ya karatasi ya alama alishinda mchana kutwa akijumlisha tarakimu za wengine.

Jioni alikwenda Concordia. Hiyo ilikuwa moja ya klabu ambazo Wajerumani huziita Turnverein, na habari yake inaanzia Berlin 1811, mwalimu Friedrich Ludwig Jahn alipofungua uwanja wa mazoezi Hasenheide. Jahn alitaka kuandaa vijana wenye miili migumu wa kuikomboa nchi kutoka mikononi mwa Napoleon. Mazoezi yakawa siasa, na 1820 serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawala Berlin, ikayapiga marufuku kwa zaidi ya miaka 20. Mapinduzi ya 1848 huko Ujerumani yaliposhindwa, maelfu ya wanaharakati walikimbilia Marekani na vifaa vyao vichwani, kama mtu anavyohama na mapishi ya kwao. Cincinnati ilipata klabu mwaka huohuo, miji mingine ikafuata. St. Louis ilikuwa imejaa Wajerumani, na 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, wanaklabu hao ni miongoni mwa waliochukua bunduki kulinda ghala la silaha la serikali lisiangukie mikononi mwa waliotetea utumwa.

Ukumbi wa klabu kama hiyo ulikuwa zaidi ya chumba cha mazoezi. Palikuwa na kwaya, maktaba, jukwaa la maigizo, bia, mihadhara, madarasa ya watoto na ya wanawake. Fundi seremala alibembea pembeni ya mwenye duka. Wazo lao lilikuwa kwamba mazoezi ni ya kila mwanachama, si ya mabingwa tu, kwa hiyo aliyeingia akichechemea hakuulizwa amekuja kufanya nini. Alipewa kifaa. Nakubali kwamba ninawapamba kidogo, klabu hizo zilikuwa na majivuno yao pia, lakini ukifananisha na viwanja vingine vya wakati ule, Eyser alibahatika.

Kwamba alibahatika, utaona ukitoka nje ya ukumbi ule na kutazama Olimpiki ile ilifanyikia wapi. Michezo ya 1904 ilipewa Chicago kwanza, ikahamishiwa St. Louis kwa sababu mji huo ulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia mwaka huo, na Olimpiki ikamezwa humo. Wanamichezo walikuwa zaidi ya 600 tu, wengi mno kati yao Wamarekani wenyewe. Pierre de Coubertin, mwanzilishi wa Olimpiki ya kisasa, hakwenda. Ilikuwa mara ya kwanza kutolewa dhahabu, fedha na shaba kwa washindi watatu wa kwanza, desturi tunayoiona leo kana kwamba imekuwepo tangu zama za Wagiriki.

Na katika maonyesho hayohayo waliwekwa binadamu watazamwe. Miongoni mwao alikuwa kijana wa Kimbuti kutoka misitu ya Kongo, Ota Benga, aliyechukuliwa na mfanyabiashara Mmarekani wakati nchi yake ikiteswa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tarehe 12 na 13 Agosti waandaaji waliwakusanya watu kama hao kutoka pembe mbalimbali za dunia, wakawashindanisha michezo ambayo hawakuwahi kufundishwa, ili waandike kwamba "washenzi" hawana mwili wa kushindana na Mzungu. Miaka miwili baadaye Ota Benga aliwekwa katika bustani ya wanyama ya New York, na 1916 akajiua. Sitaki kuyapita haya kimyakimya kwa sababu tu habari ya Eyser inapendeza. Mji uliompa mtu wa mguu mmoja nafasi ya kupimwa kwa haki, uliwapima wengine ukiwa umeshaandika majibu. Hata hivyo katika Olimpiki hiyohiyo George Poage, Mmarekani mweusi, alichukua shaba mbili za kuruka viunzi.

Nirudi kwenye jimnastiki. Kuna wanaosema medali za Oktoba ni nyepesi, kwani Wajerumani na Waswisi waliocheza Julai hawakuwemo tena, na washindani walikuwa Wamarekani watupu. Ni kweli, yalikuwa pia mashindano ya kitaifa ya Marekani. Mimi sioni kwamba yanafutika kwa hilo. Mwamuzi anapima kilichoko mbele yake, na mbele yake alikuwepo Heida, ambaye alitoka St. Louis na dhahabu tano na fedha moja. Hiyo fedha moja, Mwalimu, ni ya miti sambamba. Aliyemnyima dhahabu ya sita ni Eyser.

Baada ya hapo maisha yake hayana kelele. Aliendelea na Concordia, na kundi lake lilishinda mashindano ya kimataifa Frankfurt 1908, likashinda tena ya kitaifa Cincinnati 1909. Kisha ikaja vita vya kwanza vya dunia, na kuanzia 1917 kuwa Mjerumani huko Marekani kukawa balaa. St. Louis walibadilisha jina la barabara yao ya Berlin wakaiita Pershing, jina la jenerali wao. Aprili 1918, katika mji wa Collinsville ulio jirani, kundi la watu lilimnyonga Robert Prager, mhamiaji wa Kijerumani. Klabu za mazoezi zilizokuwa fahari ya mji zikaanza kuonekana kama matawi ya adui. Eyser alifariki Machi 1919, akiwa na miaka 48. Michezo ya walemavu iliyozaa Paralimpiki ilikuwa bado haijazaliwa: ilianza Julai 1948 pale Stoke Mandeville, Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alipowashindanisha wagonjwa wake 16 kurusha mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Michezo ya kwanza inayohesabiwa kuwa Paralimpiki ilifanyika Roma 1960.

Kwa hiyo kijana wako asidhani Eyser yuko peke yake. Olivér Halassy wa Hungary, aliyekatwa mguu chini ya goti, alipata fedha ya polo ya majini 1928 na dhahabu 1932 na 1936. Natalie du Toit wa Afrika Kusini aligongwa na gari 2001 akiwa kwenye pikipiki ndogo akitoka mazoezini, akapoteza mguu wa kushoto, na 2008 akaogelea kilomita 10 katika Olimpiki ya Beijing. Msimulie huyo kwanza, ajali zao zinafanana.

Tuje kwake sasa. Nakiri, nilipokuwa kocha kijana, alikuja mvulana wa gongo kwenye mlango wa ukumbi, nikamwonyesha benchi na kumpa kazi ya kuandika alama za wenzake. Niliona nimemfanyia hisani. Alikuja siku tatu, ya nne hakuja. Sikuwa nimewahi kusikia jina la Eyser wakati huo, lakini hiyo si hoja, hata bila Eyser ningeweza kumuuliza mikono yake inaweza nini.

Basi anza na mikono. Usimwanzishie kupinduka chini eti kwa sababu wenzake ndicho wanachofanya, kwani kupinduka kunaanzia na kuishia kwenye miguu, na utampeleka Julai kabla hajaijua Oktoba. Mwekee fito mbili imara sambamba, kwa upana wa mabega yake pamoja na kiganja kila upande, usawa wa kifua chake akisimama. Ajibebe tu, mikono imenyooka, mpaka aweze kuhesabu ishirini bila kutetemeka. Kisha atembee kwa mikono kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kisha abembee kidogo. Utaona mwili unapinda kuelekea upande wenye mguu mzima, ndiyo dosari ya kwanza, na inarekebishwa na misuli ya ubavuni, kwa hiyo ampe tumbo na mbavu mazoezi ya kila siku.

Mguu wa bandia, kama anao, avae au avue? Kwenye fito na kamba mwachie ajaribu kote kuwili, achague. Anayevaa akague kigutu kabla na baada: ngozi ikiwa nyekundu na wekundu haujaondoka ndani ya nusu saa hivi, siku hiyo imekwisha. Jasho la Muheza ni jingi, na kigutu chenye malengelenge kitamweka nje wiki nzima. Kumbuka pia mtoto anakua na mguu ule haukui naye, hivyo mtaalamu wa viungo bandia amwone kila baada ya miezi michache. Kutua aache kabisa mpaka daktari aseme, na hata akiruhusiwa, iwe kwenye magodoro mawili yaliyopandana, wewe ukiwa umesimama upande wa mguu uliokatwa. Watu wengi husimama upande wa mguu mzima, sijui kwa nini.

Usimwahidi Paralimpiki ya jimnastiki, haipo. Kuna kuogelea, riadha, kunyanyua vitu vizito na mengine mengi, na mabega atakayoyapata kwenye fito yatamfaa popote atakapokwenda.

Na mtafutie kamba. Iwe nene kiasi cha sentimita nne, ifungwe kwenye boriti ambayo fundi ameikagua, si kwenye tawi la mwembe. Mwanzo asipande, akae chini, ajivute hadi asimame, ashuke polepole. Alama ya kwanza iweke usawa wa mita mbili, kitambaa chekundu, na godoro chini. Kwenu huko mkonge umejaa na kamba ya katani itapatikana kirahisi, ila hiyo inachubua viganja vya mtoto. Ikiwa hamna nyingine, izungusheni kwanza kwa kitambaa cha pamba pale anaposhika, na mpime viganja vyake kila Ijumaa.